Kumpokea Muuguzi Mgeni: Mwongozo wa Mwaka wa Kwanza Uingereza

Muuguzi aliyeajiriwa kutoka nje hufika akiwa mjuzi wa kazi na mgeni wa mahali. Matatizo mengi ya mwaka wake wa kwanza huanzia pale wenyeji wanapoyachanganya hayo mawili: wanamfundisha upya aliyokwisha kuyajua, na wanadhani anayajua yale ambayo hakuna aliyewahi kumwambia. Mtu aliyewahi kusimamia wodi iliyofurika usiku kucha akiwa na msaidizi mmoja hana haja ya kuonyeshwa namna ya kupima presha. Anahitaji kujua funguo za kabati la dawa hukaa kwa nani, daktari wa zamu huitwa kwa namba ipi, na karatasi gani hutiwa saini na nani.

Mwongozo huu unahusu hasa muuguzi anayetoka Kenya kwenda kufanya kazi katika NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Unawahusu watu wa aina tatu walio na sehemu yao katika kumtuliza mgeni: msimamizi wa wodi, wauguzi wa Afrika Mashariki waliotangulia, na jamaa waliobaki nyumbani.

Kabla ya safari

Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya Julai 2021. Katika kanuni za uajiri za Uingereza, Kenya imo kwenye orodha ya njano, maana yake wauguzi wake huajiriwa kwa kufuata makubaliano ya serikali hizo mbili na si vinginevyo. Tanzania, Uganda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha nyekundu, ambayo msingi wake ni orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu. Mwajiri haruhusiwi kwenda kusaka wauguzi katika nchi hizo, ingawa muuguzi mwenyewe hakatazwi kuomba nafasi moja kwa moja kwa mwajiri. Kwa hiyo wakala anayezunguka Dar es Salaam au Kampala akiahidi nafasi za uuguzi katika NHS anastahili kutiliwa shaka, na anayedai ada ya kumtafutia mtu kazi Uingereza anastahili kukimbiwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inakataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya namna hiyo.

Mkataba husomwa kabla ya kutiwa saini, na sehemu inayohitaji macho zaidi ni ile ya kurudisha gharama. Waajiri wengi hulipia tiketi, visa na mitihani, kisha huweka sharti kwamba muuguzi akiondoka kabla ya muda fulani atarudisha fedha hizo. Sharti lenyewe si kosa. Linalotakiwa ni kwamba kiasi kiwe kimetajwa, gharama ziorodheshwe moja moja, na deni lipungue kadiri miezi inavyopita. Mkataba unaodai fedha zilezile kwa anayeondoka mwezi wa 2 na anayeondoka mwezi wa 30 ni kamba shingoni, na muuguzi aliyetangulia akiulizwa na mdogo wake aliyeko Kisii au Kisumu auseme ukweli huo bila kuuma maneno.

Wiki ya kwanza

Mapokezi mema hayana gharama kubwa. Mtu wa kumlaki uwanjani mwenye kibao chenye jina lake, chumba chenye joto, shuka na blanketi, laini ya simu yenye salio, na chakula cha siku mbili tatu kwenye friji. Aliyetangulia anaweza kuongeza kile ambacho hospitali haiwezi kukifikiria: pakiti ya unga wa ugali kutoka duka la vyakula vya Kiafrika, majani ya chai, na maelezo ya basi la kwenda dukani humo. Koti zito lisubiri kununuliwa huko, kwa kuwa makoti mengi yanayouzwa nyumbani hayatoshi kwa upepo wa Januari.

Kisha huja karatasi. Muuguzi anahitaji kusajiliwa kwa daktari wa mtaani, kupata namba ya bima ya taifa, kufungua akaunti ya benki, na kuhakikisha kibali chake cha kielektroniki kinafunguka na kina jina lililoandikwa sawasawa. Mambo haya hufungana: benki hutaka uthibitisho wa anwani, mwenye nyumba hutaka hati ya mshahara, na idara ya mishahara hutaka akaunti ya benki. Barua moja ya mwajiri inayotaja anwani ya mgeni, tarehe ya kuanza kazi na mshahara wake huvunja fundo hilo, na iandikwe kabla hajatua.

Jambo linalosahauliwa mno ni mshahara wa kwanza. NHS hulipa kwa mwezi, na orodha ya malipo hufungwa mapema. Anayeanza kazi baada ya orodha kufungwa hungoja hadi mwisho wa mwezi unaofuata, na wiki hizo ni nyingi kwa mtu aliyekuja na akiba ndogo iliyobaki baada ya mkopo wa Sacco. Msimamizi aulize mapema, tena kwa faragha, kama malipo ya awali yanahitajika. Mgeni kwa kawaida hatasema. Atakula mkate na chai, atembee kwenda kazini, na akiulizwa atajibu kwamba yuko sawa.

Mtihani wa vitendo

Kabla ya kuondoka nyumbani muuguzi huwa amekwisha kufaulu mtihani wa Kiingereza na ule wa nadharia unaofanywa kwenye kompyuta. Akifika hubaki na OSCE, mtihani wa vitendo wa Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, NMC. Una vituo 10. Vinne kati ya hivyo hufuata safari ya mgonjwa mmoja: kumtathmini, kupanga huduma, kuitekeleza na kupima matokeo. Vinne hupima ujuzi wa mikono, na viwili vilivyobaki ni vya maandishi, kimoja kuhusu maadili ya kazi na kingine kuhusu ushahidi wa kitafiti. Masharti ya visa humtaka aufanye kwa mara ya kwanza ndani ya miezi 3 tangu aanze kazi, na awe amesajiliwa ndani ya miezi 8. Kwa ombi moja la usajili anaruhusiwa kujaribu mara 3.

Wanaoanguka mara nyingi hawaangushwi na ujuzi. Mtihani huu hupima mambo yanayosemwa kwa sauti: kujitambulisha kwa jina, kuuliza mgonjwa angependa kuitwaje, kukagua utepe wa mkononi, kuuliza kuhusu mzio wa dawa, kuomba idhini kabla ya kumgusa, kutaja kwamba mikono imesafishwa. Muuguzi mzoefu hufanya mengi ya hayo kimyakimya, na mtahini hawezi kutoa alama kwa lisilosemwa. Kwa hiyo mazoezi yafanywe kwa sauti, mbele ya mtu mwenye karatasi ya alama, na saa ikiwa mezani. Kuna pia suala la macho. Aliyelelewa kuinamisha uso mbele ya mkubwa huonekana kwa mtahini kama mtu asiyejiamini, na hilo lizungumzwe naye waziwazi na kwa upole, kama jambo la mahali, si kasoro yake.

Hadi asajiliwe, muuguzi hulipwa kwa daraja la chini, kwa kawaida la 3 au la 4, na hufanya kazi za msaidizi. Kipindi hiki huumiza kuliko wenyeji wanavyodhani. Mtu aliyekuwa akizalisha, akitundika dripu na akiamua nani apelekwe hospitali ya rufaa sasa hubadilisha shuka na kugawa chai, na maamuzi yanafanywa na kijana aliyehitimu mwaka jana. Msimamizi mwenye busara humwita katika mizunguko ya madaktari, humuuliza maoni, na huwaambia wengine wodini huyu ni nani na ametoka kufanya nini.

Wodini

Hapa ndipo msaada unapotakiwa kuwa mrefu kuliko popote, na hapa ndipo unapokatika mapema. Hospitali nyingi huweka nguvu zote kwenye mtihani: kuna mwalimu, kuna chumba cha mazoezi, kuna kikundi cha WhatsApp. Siku namba ya usajili inapotoka hupigwa picha, huliwa keki, na wiki inayofuata mgeni hupewa wagonjwa wake na kuachwa. Lakini ugeni wa kweli wa kazi huanza siku hiyo. Mwongozo wa kitaifa wa England wa mwaka 2022 kuhusu malezi ya wauguzi wapya unataka kipindi cha malezi kisichopungua miezi 6, nao unawahusu pia waliosajiliwa kutoka nje. Muuguzi mlezi atajwe kwa jina, apangwe zamu moja na mgeni, na apewe muda kwenye ratiba. Mlezi asiyekutana na mgeni ila kwenye korido hamlei mtu.

Tofauti ya kwanza ni ya kazi yenyewe. Katika wodi nyingi za Kenya jamaa ndiye anayemwogesha mgonjwa, anayemlisha na anayemgeuza. Uingereza hiyo ni kazi ya muuguzi na wasaidizi wake, na kidonda cha mgandamizo kikitokea huandikiwa ripoti na kuchunguzwa. Wagonjwa wengi ni wazee, wengi wana ugonjwa wa kusahau, na kuanguka kitandani ni hatari inayopewa uzito mkubwa. Upande wa pili, kuna kazi ambazo mgeni alizifanya kila siku na sasa haruhusiwi mpaka apate mafunzo ya hapo na kutiwa saini: kuweka kanula, kutoa dawa za mshipa, pengine hata kutoa damu. Ukunga nao ni taaluma nyingine yenye sehemu yake katika rejesta, hivyo aliyesomea uuguzi na ukunga pamoja huko KMTC, chuo cha mafunzo ya afya cha Kenya, hatagusa uzazi kwa usajili wa uuguzi pekee. Aelezwe haya kabla hajafika, ili asiyaone kuwa dharau.

Tofauti ya pili ni namna ya kupaza sauti. Hospitali za NHS hutumia NEWS2, mfumo wa alama uliotolewa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari mwaka 2017. Tuseme mzee aliyefanyiwa upasuaji juzi anapumua mara 26 kwa dakika, oksijeni ni asilimia 93 bila mashine, mapigo ya moyo 112, presha ya juu 108, joto 38.4, na akili yake ni timamu. Kupumua humpa alama 3, oksijeni 2, mapigo 2, presha 1, joto 1. Jumla ni 9, na kuanzia 7 ni dharura: daktari aitwe papo hapo, tena mwenye uwezo wa kuamua. Muuguzi mgeni huziona alama hizo sawasawa. Linalomshinda ni simu. Amezoea kungoja daktari afike, amwite kwa cheo, na ampe habari bila kumwambia la kufanya. Huku anatazamiwa kupiga simu usiku wa manane, kumwita daktari kwa jina lake la kwanza, na kufuata mpangilio wa SBAR: hali ilivyo, historia fupi, tathmini yake mwenyewe, kisha pendekezo. Sehemu ya mwisho ndiyo ngumu. Mlezi afanye naye zoezi la simu hiyo kwa maneno yale yale, mara kadhaa, hadi sentensi ya kumtaka daktari aje kumwona mgonjwa sasa hivi itoke bila kusitasita.

Tofauti ya tatu ni nani mwenye uamuzi. Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005, inayotumika England na Wales, humchukulia kila mtu mzima kuwa na uwezo wa kujiamulia mpaka ithibitike vinginevyo. Mgonjwa akikataa dawa akiwa na akili timamu, amekataa, hata kama watoto wake watano wamesimama mlangoni wakisihi. Habari zake hazitolewi kwa ndugu bila ridhaa yake. Wapo pia wagonjwa walioandikiwa kwamba moyo ukisimama wasifufuliwe, na muuguzi aliyefunzwa kupigania kila pumzi huhitaji kuketi na mtu amweleze uamuzi huo hufikiwaje.

Sala nayo iguswe waziwazi. Wauguzi wengi wa Afrika Mashariki, Wakristo na Waislamu, huona kumwombea mgonjwa kuwa sehemu ya kumtunza. Kanuni za NMC zinamkataza muuguzi kuingiza imani yake mahali isipofaa, na kujitolea kumwombea mtu ambaye hakuomba kunaweza kumpeleka mbele ya kamati. Kuna makasisi na maimamu wa hospitali kwa ajili hiyo. Wala hakuna anayezuiwa kuomba moyoni.

Lugha husumbua kwa njia ambayo mtihani hauigusi. Aliyefaulu Kiingereza cha darasani hukutana na mzee wa Newcastle au Glasgow asiyefungua kinywa sawasawa, na simu inayolia wakati mashine zinapiga kelele. Kumwomba mtu arudie si aibu. Kutikisa kichwa bila kuelewa ndiko kunakoua wagonjwa.

Fedha na nyumbani

Akishasajiliwa, muuguzi huingia daraja la 5, ambalo England ni kwa wiki ya saa 37.5. Katika England, zamu za usiku na Jumamosi huongezwa asilimia 30 juu ya mshahara wa saa hizo, na Jumapili na sikukuu asilimia 60. Hati ya mshahara isomwe pamoja na mtu anayeijua angalau mara moja: kama daraja limebadilishwa kuanzia tarehe sahihi, kama kodi inakatwa kwa kiwango cha dharura kwa sababu fomu haikujazwa, na kama nyongeza za usiku zimeingia. Wengi hushawishika kujitoa kwenye pensheni ili wapeleke fedha zaidi nyumbani. Wajue kwamba mwajiri huchangia zaidi ya asilimia 20 ya mshahara, na anayejitoa huupoteza mchango huo.

Nyumba hutaka uangalifu. Kwa nyumba za kawaida katika England, amana haizidi kodi ya wiki 5 kwa sheria ya mwaka 2019, na mwenye nyumba lazima aiweke katika mfuko unaotambuliwa ndani ya siku 30. Picha za kila ukuta na kila doa zipigwe siku ya kuingia. Leseni ya Kenya hutumika kwa miezi 12 tu, kisha hutakiwa mtihani wa huko, hivyo masomo ya udereva yaanze mapema kwa wanaofanya kazi mbali na mabasi.

Jamaa wa nyumbani wana kazi yao hapa. Mshahara wa pauni ukizidishwa kuwa shilingi huonekana utajiri, nao hutumika katika pauni: kodi ya pango, ushuru wa halmashauri, umeme, gesi, nauli. Mtoto wa watu aliyeondoka kwa mkopo hawezi kulipa karo za wajomba wote mwezi wa pili. Familia inayompenda itakaa kikao kabla hajaondoka, ikubaliane naye kiasi kimoja cha kila mwezi kuanzia mwezi fulani, na iteue mtu mmoja wa kupokea maombi ya wengine ili simu zisimfuate wodini. Bila hivyo atachukua zamu za ziada hadi achoke, na muuguzi aliyechoka hukosea dawa.

Baridi, upweke na watu wa kumtazama

Desemba jua la London huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri. Anayefanya zamu ndefu, tuseme kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 2 usiku, anaweza kumaliza siku kadhaa bila kuliona. Mamlaka za afya za Uingereza huwashauri watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, mwaka mzima na si majira ya baridi peke yake. Usingizi usiokuja, machozi yasiyo na sababu na kuacha kupokea simu za nyumbani ni dalili za kushughulikiwa mapema na daktari wa mtaani au idara ya afya ya wafanyakazi, na kwenda huko hakuhatarishi visa.

Waliotangulia wana vyama vyao, kama KENMA UK cha wauguzi na wakunga wa Kenya na TUHEDA cha wataalamu wa afya wa Kitanzania, na kupitia hivyo mgeni hupata mtu wa lugha yake katika mji wake. Kanisa, msikiti na chama cha akina mama hufanya kazi hiyohiyo. Hata hivyo, mgeni asifungiwe humo. Anayekula na Wakenya tu kwa mwaka mzima huchelewa kupata marafiki wodini, na marafiki wa wodini ndio wanaomwambia nafasi gani inatangazwa kesho.

Ubaguzi upo na haufai kufichwa. Agosti 2024, katika ghasia zilizofuata mauaji ya Southport, wauguzi Wafilipino waliokuwa wakielekea kazini Sunderland walirushiwa mawe wakiwa kwenye teksi. Takwimu za usawa wa rangi zinazokusanywa na NHS tangu 2015 zimeonyesha kwamba wafanyakazi weusi na wa jamii nyingine ndogo hufikishwa kwenye hatua za nidhamu zaidi ya weupe. Kwa hiyo ushauri wa kujiunga na chama cha wafanyakazi, RCN au UNISON, utolewe wiki ya kwanza, kwa kuwa chama huweza kukataa kushughulikia kesi iliyoanza kabla ya uanachama. Mgonjwa akimkataa muuguzi kwa rangi yake, msimamizi aende kitandani yeye mwenyewe na amjibu mgonjwa huyo. Kumhamisha muuguzi kimyakimya ni kukubaliana na aliyemtukana. Na kila tukio liandikwe siku hiyohiyo: tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, nani alisikia.

Baada ya mwaka

Muuguzi aliyetulia huanza kuulizia daraja la 6, na maombi ya kazi Uingereza hudai ajisifu kwa mifano, jambo linalowawia vigumu waliofundishwa kwamba sifa husemwa na wengine. Aliyewahi kupanda daraja amsaidie kuandika fomu yake ya kwanza, aibadilishe kazi ya miaka yake ya Kenya iwe mifano yenye hesabu: wagonjwa wangapi, wafanyakazi wangapi, nini kilibadilika.

Usajili wa NMC huhuishwa kila baada ya miaka 3. Hutakiwa saa 450 za kazi, saa 35 za kujiendeleza, maoni 5 ya watu kuhusu utendaji wake na tafakuri 5 za maandishi, zinazojadiliwa na mwenzake aliyesajiliwa. Anayeanza kuvikusanya mwaka wa 3 hutaabika bure. Faili lifunguliwe mwezi ule ule namba ya usajili inapotoka. Cheti cha kila mafunzo kiingie humo, na kadi ya shukrani kutoka kwa familia ya mgonjwa pia ni moja ya maoni yanayokubalika, mradi yanakiliwe bila jina la mgonjwa wala jambo lolote la kumtambulisha.